Wazazi, Tusikimbizane na Umri wa Mtoto

Wazazi wenzangu, yamezuka mashindano ambayo hayamfai mtoto. Hajatimiza miaka minne, bado maneno yanamponyoka ulimini, tayari anatafutiwa shule ambako ni marufuku kutamka Kiswahili. Jioni akirudi, mama ambaye Kiingereza chake mwenyewe ni cha kubabaisha humsemesha kwa Kiingereza hicho hicho. Uliza sababu, utaambiwa kuwa akili ya mtoto ni nyepesi, akichelewa basi tena.

Maneno hayo yana ukweli, ila si wote. Sikio na ulimi wa mtoto ni vyepesi kweli. Ingia chuo cha Kurani popote katika pwani yetu. Utamkuta mtoto wa miaka sita, juzuu iko juu ya marfaa, ain na ha anazitoa kooni barabara, herufi ambazo aliyeanza ukubwani huhangaika nazo miaka. Sasa mwambie aombe maji kwa Kiarabu. Hawezi, wala si kosa la mwalimu wake, kwani hakupelekwa chuoni kujifunza mazungumzo. Umri mdogo humpa mtoto matamshi. Lugha yenyewe huipata kwa kuisikia na kuitumia kutwa, pamoja na watu wanaoijua. Ndiyo maana mtoto wa Moshi huzungumza Kichaga na bibi yake na Kiswahili na wenzake, bila kufundishwa na mtu, na hadhuriki hata kidogo.

Tena aliye mdogo zaidi si lazima awe wa haraka zaidi. Mwaka 1978 watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha habari za wageni wenye kusema Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi huko Uholanzi. Waliotangulia kwa kasi walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15. Wadogo wa miaka 3 hadi 5 ndio waliovuta mkia. Kijana amekwisha kujua kusoma na kupanga mawazo kwa lugha yake, kwa hiyo hana haja ya kuanza upya.

Naijua hofu ya mzazi wa Tanzania. Masomo ya sekondari ni kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili huweza kufika kidato cha kwanza akawa bubu mbele ya kitabu cha baiolojia. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Lakini yatazameni madarasa yetu: mwalimu anasoma sentensi ubaoni, watoto wanaitikia kwa pamoja, kengele inalia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali wala kujibu kwa maneno yake. Mtoto akianza hivyo ana miaka mitatu, atakuwa amekariri miaka mingi zaidi, basi.

Rai yangu ni hii: mtoto na asome na kuandika Kiswahili kwanza, aweze kusimulia kisa tangu mwanzo hadi mwisho. Akifika miaka saba au minane, aanzishiwe lugha ya kigeni kwa bidii. Nyimbo na michezo ya kabla ya hapo haina ubaya.

Basi kabla hujalipa ada, omba kuketi darasani asubuhi moja. Msikilize mwalimu anavyozungumza, na uangalie kama watoto wanajibu. Ukiona mtoto amevishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili, mshike mwanao mkono muondoke.