Bendi za Diani zina nyimbo zao, ila wewe hujazisikia

Nikuulize swali, na ujibu kwa ukweli maana hakuna anayekuona. Mara ya mwisho kulipa kiingilio, hata cha soo mbili, ukaenda kusikiza bendi ya Kwale ikipiga nyimbo zake yenyewe ilikuwa lini? Sizungumzii harusi uliyoenda kula pilau. Wala mkutano wa siasa pale Ukunda, ambapo msanii hupewa dakika tano kabla mheshimiwa hajafika, halafu anazimiwa maiki. Nazungumzia bendi, jukwaa lake na nyimbo zake.

Kama jibu ni "sijawahi", usijali. Hata mimi nilikuwa huko huko hadi mwaka jana.

Naishi Ukunda. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, na tangu hapo naandika mtandaoni na kupiga picha nikiitwa. Jirani yangu ni mpiga gitaa. Kila jioni namwona anatoka na gitaa mgongoni, anapanda boda kuelekea Diani Beach Road, anarudi saa sita usiku. Miaka mitatu tumekaa ploti moja, tunachota maji bomba moja, na sikuwahi kumsikia akipiga. Ningemsikia wapi? Anapigia ndani ya hoteli, na pale getini mlinzi anakuuliza namba ya chumba.

Siku niliyomsikia nilikuwa nimeitwa kupiga picha za harusi ya wageni kwenye hoteli moja. Bendi ilipiga kuanzia saa tatu hadi saa tano: Jambo Bwana, Malaika, Bob Marley mbili tatu, vibao vya Ulaya vya miaka ya themanini, kisha Jambo Bwana tena kwa sababu meza ya nyuma iliomba. Kazi safi, sikusikia kosa. Ila hakuna aliyekuwa akisikiza kwa makini, watu walikuwa wanakula.

Saa tano na nusu wageni wameenda kulala, wahudumu wanakunja vitambaa vya meza, jamaa wakaanza kupiga kitu chao. Kwa Kidigo. Mpiga dramu alikuwa ameuchukua mdundo wa sengenya, ule ule wa ngoma za wazee wetu, akauhamishia kwenye dramu zake. Besi ikawa inamjibu, na jirani yangu akalifanya gitaa lilie kama nzumari. Wallahi niliweka kamera chini nikakaa. Tulikuwa wasikilizaji watatu, mimi na wahudumu wawili, na mmoja wao alijua maneno yote. Baada ya dakika kumi msimamizi wa zamu akapita akasema inatosha, wageni wamelala.

Njiani nikamuuliza jirani kwa nini hiyo haipigwi saa tatu. Akacheka tu. Hoteli ndiyo inayochagua nyimbo, na mgeni anataka kile anachokijua.

Sasa hapa kuna kichekesho ambacho wengi wetu hatukijui. Them Mushrooms walianza mwaka wa 1972, ndugu wa familia ya Harrison, vijana wa Pwani wakipigia watalii kwenye hoteli za Mombasa, kazi ile ile ya jirani yangu. Teddy Kalanda Harrison akatunga Jambo Bwana. Ikatoka kwenye sahani 1982, na mwaka uliofuata Boney M kule Ujerumani wakatoa toleo lao. Kwa hivyo huo wimbo unaokufanya ugeuze macho ukiusikia ulikuwa wimbo mpya wa bendi ya hoteli. Kuna usiku ambapo mtu aliwaachia vijana wale wapige kitu chao. Miaka arobaini na ushee baadaye, vijana wengine wanalipwa kuurudia huo huo, na vyao vinasubiri wageni walale.

Simlaumu mwenye hoteli sana. Yeye anauza chakula na kitanda, muziki kwake ni kama maua ya mezani. Wa kulaumiwa ni mimi na wewe, kwa sababu bendi ambayo watu wa kwao hawailipi itaenda kwa yule anayelipa.

Mwezi wa kwanza nilikaa ufuoni na Mholanzi mmoja wa rika letu, mtu wa besi. Nikamuuliza bendi changa za kwao hupigia wapi. Akanielezea kuhusu Popronde, kitu kilichoanzia mji wa Nijmegen mwaka wa 1994. Kila msimu wao wa vuli, wasanii wachanga wa roki, hip hop, elektroniki na kadhalika huzungushwa mji baada ya mji, wakipiga kwenye mikahawa na baa za kawaida, na watu huingia bure. Januari mapromota hukutana Groningen kwenye tamasha la Eurosonic Noorderslag kuwinda majina mapya. Kwa ufupi, bendi ya huko hupita mbele ya watu wa kwao kwanza.

Halafu akanichezea Altın Gün kwenye simu. Hii ni bendi ya Amsterdam, ilianza 2016, na kazi yake kubwa ni kuchukua nyimbo za kiasili za Uturuki, za enzi za mababu, na kuzipiga kwa gitaa la umeme na kinanda. Albamu yao Gece iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Nikasikiza nikafikiria ile dakika kumi ya sengenya kati ya meza tupu. Jirani yangu anafanya jambo lile lile, tofauti ni kwamba yeye anasikilizwa na wahudumu wawili.

Najua utasema Waholanzi wana pesa za serikali za kusaidia muziki. Ni kweli. Lakini mkahawa wenye kona tupu unahitaji serikali? Ukunda ipo, Msambweni ipo, Kinango ipo, na Kwale mjini kuna Baraza Park. Na Mei, mvua za masika zikiwa zimekolea, wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga kabisa na bendi hupumzishwa bila malipo. Huo ndio mwezi wa kuwaita.

Tupige hesabu ya kitoto. Watu 150 kwa shilingi 200 ni 30,000. Bendi ya watu watano, kila mmoja 3,500, ni 17,500. Tuseme spika na fundi wake ni 8,000. Zimebaki 4,500 za boda na maji. Hakuna anayetajirika, lakini hakuna anayepiga bure. Ianze Jumamosi saa tisa alasiri, isimame kwa swala ya Magharibi, na saa mbili tuwe tumemaliza, ili wa Msambweni wapate matatu na dada zetu wasigombane na wazazi. Msanii wa Nairobi akija kuimba juu ya CD tunatoa elfu moja na hatuulizi.

Na nyinyi wapigaji, msitabasamu mkidhani nimewasahau. Ule wimbo wa sengenya hauna jina hadi leo. Haujarekodiwa hata kwa simu. Radio Kaya ikitaka kuupiga kesho, itapiga nini? Mkija jukwaani mje na nyimbo kumi zilizokamilika, zikiwa na mwanzo na mwisho, na Malaika iachwe nyumbani siku hiyo moja.

Nimeshazungumza na jirani, na mwenye mkahawa mmoja hapa Ukunda amesema kona yake ya nyuma ipo wazi Jumamosi yoyote ya Mei. Jirani alikuwa na swali moja tu: watu watalipa? Nikamwambia sijui, ngoja niwaulize.