Chanda Chema Huvikwa Pete: Beji za Kidijitali na Mtoto Anayejifunza Mwenyewe

Tangu Serikali ya Tanzania ilipoanza, mwishoni mwa mwaka 2022, kuwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo, elimu ya kidijitali imeacha kuwa habari ya mijini peke yake. Inazungumzwa hata huku kwetu Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Na kila kifaa kipya huja na mbinu zake. Mojawapo ya mbinu zinazosifiwa leo kwa shule za msingi ni beji za kidijitali, yaani alama ndogo yenye picha ambayo mwanafunzi huipata kwenye kifaa kila anapomaliza hatua fulani ya somo. Wanaoitetea wanasema kwamba humtia mtoto ari ya kujifunza mwenyewe bila kusukumwa. Yafaa tuipime hoja hii kwa utulivu, kwa sababu inagusa kitu kilicho chepesi kuvunjika kuliko kioo cha kishikwambi, nacho ni hamu ya mtoto ya kutaka kujua.

Wazo la beji si geni kwetu. Skauti wa shule zetu hushona beji katika mashati yao baada ya kuonesha kwamba wanaweza kufunga kamba, kuwasha moto au kumhudumia majeruhi. Jambo jipya lilikuja mwaka 2011, pale taasisi ya Mozilla, ikishirikiana na Mfuko wa MacArthur wa Marekani, ilipoanzisha utaratibu wa beji za wazi za kidijitali. Katika utaratibu huo, picha ya beji hubeba ndani yake taarifa: nani ameitoa, kwa kigezo gani, na pengine ushahidi wa kazi yenyewe. Kwa asili yake, basi, beji ni ushuhuda. Inamwambia mtu asiyekuwapo kwamba huyu alijaribiwa katika jambo hili, naye akaliweza.

Kuhusu mtoto kujifunza mwenyewe kwa msaada wa kifaa, Tanzania inao mfano unaojulikana duniani. Kati ya mwaka 2017 na 2019, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa jaribio la shindano la Global Learning XPRIZE, likiungwa mkono na Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua viliwekwa vijijini. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019, zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kati ya Kitkit School na onebillion.

Matokeo hayo yanatuachia mafundisho mawili. La kwanza ni la matumaini: mtoto wa kijijini, akipewa somo katika lugha anayoielewa na nafasi ya kukosea bila kuchekwa, hujifunza. La pili ni la tahadhari: nusu ya waliokuwa hawawezi kusoma neno waliendelea kutoweza. Kifaa kizuri hakikutosha kwa wote. Bado alihitajika mtu mzima wa kuona ni nani amekwama, na kwa nini.

Je, beji ingewavuta hao waliobaki? Hapa hatuna budi kusikiliza utafiti mmoja wa mwaka 1973, uliofanywa na Mark Lepper na wenzake katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichukua watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo wangechora. Kundi la pili walipewa cheti hichohicho baada ya kuchora, bila kuahidiwa. Kundi la tatu hawakupewa kitu. Baada ya siku kadhaa, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, watoto wa kundi la kwanza walichora kwa takriban nusu tu ya muda uliotumiwa na wenzao. Kilichokuwa mchezo wa moyo kiligeuka kibarua, na kibarua kisicho na malipo huachwa. Lakini tuangalie vema: wale waliopata cheti bila kukitarajia hawakupungukiwa na hamu. Tatizo, basi, halikuwa cheti. Lilikuwa kukifanya kuwa sababu ya kuchora.

Mapokeo ya elimu ya Kikatoliki yanazijua pande zote mbili za jambo hili. Utaratibu wa masomo wa Wayesuiti wa mwaka 1599 uliruhusu tuzo na ushindani wa wanafunzi, nao ulilea vizazi vingi vya wasomi. Maria Montessori, aliyefungua Nyumba ya Watoto mjini Roma mwaka 1907, aliachana na tuzo na adhabu baada ya kuona kwamba mtoto aliyezama katika kazi yake hana haja ya pipi wala nishani. Hatulazimiki kumkataa mmoja ili kumkubali mwingine. Wote wanatuuliza swali lilelile: baada ya tuzo kuondolewa, mtoto anabaki na nini?

Swali hilo linatuhusu sisi Watanzania kwa namna ya pekee, maana tumezoea kumpima mtoto kwa nafasi yake kati ya wenzake. Ripoti ya muhula inaandika kwamba ni wa 64 kati ya 110, na mzazi anasoma hapo kabla ya kusoma jambo jingine lolote. Ni kweli kwamba mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, likieleza kwamba jambo hilo halina tija. Ilikuwa hatua ya busara. Itakuwa hasara tukiiondoa orodha hiyo gazetini, kisha tukairudisha darasani kwa umbo la beji, ambapo mtoto wa miaka minane anahesabu kila asubuhi kwamba jirani yake anazo kumi na mbili na yeye anazo mbili.

Watoto wa mwambao huu wanajua kujifunza wenyewe kabla hata ya kuingia darasa la kwanza. Hutazama wakubwa wakipiga makasia, hujaribu, hukosea, hujaribu tena. Hujifunza kushona wavu uliochanika na kuanika dagaa wasioze. Hakuna anayewapa beji. Ushuhuda wao ni wavu wenyewe usiopitisha samaki, na neno la mzazi anayeukagua na kusema umeshonwa vizuri. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema pete hukifanya chanda kuwa chema. Chanda hutangulia, pete hufuata; na huo ndio utaratibu tunaoutaka kwa beji: iwe shahidi, isiwe mshahara.

Kwa walimu wetu, jambo hili laweza kutendeka hata pale penye kishikwambi kimoja tu, tena cha mwalimu. Beji itaje tendo linaloonekana, kwa mfano kusoma aya nzima ya Kiswahili na kueleza maana yake, na si maneno matupu kama "mwanafunzi bora". Itolewe baada ya mwalimu kusikiliza au kuona kazi yenyewe. Asiyeweza leo aruhusiwe kujaribu wiki ijayo, bila beji yake kuwa na rangi hafifu kuliko ya aliyetangulia. Idadi zisibandikwe ukutani. Mtoto akishaipata, achague mwenyewe hatua inayofuata, kwa kuwa bila uchaguzi huo hatuwezi kusema kwamba anajifunza mwenyewe. Kumbukumbu zihifadhiwe katika kishikwambi cha mwalimu, na mtoto awe na kadi ndogo ya karatasi ndani ya daftari lake. Hivyo mtoto ambaye nyumbani hakuna simu janja hatakuwa nyuma ya yule ambaye baba yake anayo. Beji inayopatikana kwa wenye vifaa pekee inashuhudia mali ya wazazi, haishuhudii juhudi ya mtoto.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Dhamana hiyo haiwezi kukabidhiwa kwa programu. Mtoto anaporudi kutoka shule, badala ya kumwuliza amekuwa wa ngapi, tumwambie, "Mwanangu, nisomee." Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuketi na kusikiliza, na kusikilizwa huko humwambia mtoto kwamba anachojifunza kina thamani kwa watu anaowapenda.

Tusiishie shuleni. Katika parokia zetu tunawaona vijana wanaohudhuria mafundisho kwa bidii hadi siku ya Kipaimara, kisha hawaonekani tena, kana kwamba wamekabidhiwa cheti cha kumaliza. Mtume Paulo anapowaandikia Wakorintho juu ya wanariadha na taji liharibikalo, hakatazi mbio wala hadharau taji. Anawaelekeza kwenye taji lisiloharibika. Walimu, wazazi na makatekista, tuwapongeze watoto wetu bila choyo, na beji za kidijitali tuzipokee bila woga. Ila kila tunapomvika mtoto alama ya ushindi, tumwulize pia, "Sasa unataka kujua nini?" Akiwa na jibu, tujue kwamba pete imevikwa kwenye chanda chake. Asipokuwa nalo, tuanze kwa kumrudishia hamu yake kabla ya kumwongezea beji.