Kofia kwanza, sweta la baba litasubiri

Juni ilinikuta Njombe kwa kaka yangu, nikiwa na kazi tatu za kufuma na hakuna hata moja iliyokamilika. Sweta la baba lilikuwa na mkono mmoja. Blanketi la mtoto lilikuwa na upana wa kiganja. Kofia na soksi za mtoto nilikuwa sijaanza kabisa, maana wifi alitarajia kujifungua mwishoni mwa Agosti. Nikaona muda upo.

Mtoto akaja katikati ya Julai, na wenyeji wa kule mnajua Julai ya Njombe ilivyo. Alikuwa na kilo 2.1. Kofia iliyopatikana haraka ilikuwa ya kaka yake wa miaka miwili, ikamfunika mpaka puani.

Mambo haya nayaandika kila mara nikiwa Dar es Salaam kwenye joto langu. Joto la mtoto mchanga linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Sentigredi. Aliyezaliwa kabla ya wakati hupoa haraka kwa sababu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili.

Muuguzi hakusubiri uzi wangu. Alimweka mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi na ile kofia kubwa iliyokunjwa, kisha akawafunga pamoja kwa kitenge. Wifi alipochoka, kaka alivua shati akampokea. Mama yetu aliguna, lakini hakusema kitu.

Usiku ule nikaweka pembeni blanketi na sweta. Shangazi, aliyenifundisha kufuma, alinikataza kukadiria kichwa kwa macho, hivyo kesho yake nikakipima kwa kipande cha uzi. Kofia ilichukua jioni mbili, jozi mbili za soksi jioni tatu.

Kama nawe unafuma msimu huu, chagua uzi laini, usiweke vifungo wala kamba za kufunga kidevuni. Geuza soksi ndani nje ukate nyuzi zilizolegea, kwani uzi mmoja ukizunguka kidole cha mguu unaweza kuzuia damu. Mtoto mwenye afya aliyeruhusiwa nyumbani akilala ndani, mvue kofia, isipokuwa muuguzi amekuelekeza vingine.

Na jiko la mkaa, tafadhali, lisiingie chumbani. Najua baridi inauma, najua wengi mmelelewa hivyo. Gesi yake haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Miguu ya mtoto ikiwa ya baridi, mrudishe kifuani. Tumbo nalo likipoa, au akinyonya kwa unyonge, nendeni kituo cha afya mkiwa mmembeba hivyo hivyo kifuani.

Sasa Agosti inaisha na mtoto amefikisha kilo 3. Kofia imeanza kumbana, nimeanza nyingine. Blanketi limefika magotini mwangu. Juzi baba alipiga simu kuulizia sweta lake. Nikamwambia mkono mmoja uko tayari.