Mtoto Akilia, Tumuulize



Wengi wetu hapa visiwani tunanyamazisha watoto kwa njia mbili. Wa kiume anaambiwa mwanamme halii. Wa kike anapewa simu, au mia tano akanunue ubuyu. Kimya kinapatikana kweli, lakini mtoto anabaki akijua kuwa huzuni ni aibu, au kuwa dawa yake iko dukani.

Hilo la mwanamme halii si la dini yetu. Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim akikata roho, na sahaba aliposhangaa alimjibu kuwa hiyo ni rehema. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakaingia weupe, na ndiye huyo huyo aliyeazimia subira njema.

Linalotugusa zaidi ni la Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik. Alikuwa na kindege anachocheza nacho, kikafa. Mtume alipomkuta ana huzuni akamuuliza habari za kindege chake, tena akimwita kwa kunya, kama anavyoitwa mtu mzima. Mwenye umma mzima mabegani, na hakumwambia kindege tu hicho! Mtoto anayeulizwa hivyo anajifunza kuitaja huzuni yake, na anayeweza kuitaja anaweza kuibeba.

Hatusemi tuwadekeze. Sisi tunaoshona tunaona kila sikukuu: mtoto anataka gauni la tatu, mama anafungua pochi kwa kuogopa kilio tu. Aambiwe hapana, alie, tukae naye, na hapana ibaki hapana. Nanyi maharusi mnaotusoma, lizungumzeni na waume zenu mapema, maana hapana ya mama ikigeuzwa na baba jioni haimfunzi mtoto kitu.

Na lipo kubwa zaidi. Mtoto aliyezoeshwa kunyamaza atanyamaza pia siku atakayodhalilishwa, na mdhalilishaji mara nyingi ni mtu anayejulikana nyumbani. Tukimuona amebadilika ghafla, halali, amerudia kukojoa kitandani, tusikimbilie kusema ni husuda. Tumsomee, sawa, lakini tumuulize kwa upole na tumsikilize mpaka mwisho bila kumkaripia. Akitaja jina, hata likiwa la ndugu, tumpeleke kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha hospitali ya Mnazi Mmoja, siku hiyo hiyo, kabla hajakogeshwa na nguo zake hazijafuliwa.