DEPO HAISIMAMI JUU YA MATOPE

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wakaaji wa mji,

Kila mtu wa Maniema anataka reli nzuri. Njia ya Kindu mpaka Kongolo ilijengwa na kampuni ya Wabeleji, ikamalizika mwisho wa mwaka 1910, urefu wake kilomita 355. Ile ya Kabalo mpaka Kalemie ilifika ziwani mwaka 1915. Leo njia hizo zimechakaa, na Salamabila hatuna reli hata kidogo. Basi ahadi ya reli ikitajwa, watu hupiga makofi. Sisi hatukatazi makofi. Ila tunauliza swali moja: depo itawekwa wapi, na juu ya udongo gani?

Msidhani swali hili ni la mainjinia peke yao. Tazameni Nairobi. Waingereza walianza reli yao Mombasa mwaka 1896. Mwishoni mwa Mei 1899 wakafika mahali tambarare penye maji baridi, mbele yao milima mikali. Wakaona panafaa kwa yadi, karakana na ghala kabla ya kupanda mlima. Mwaka uleule wakahamisha makao makuu ya reli kutoka Mombasa. Kwa garimoshi palikuwa pazuri. Lakini chini palikuwa na kinamasi na udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka.

Sasa angalieni nani alilala wapi. Wakubwa wa reli walijengewa nyumba juu kilimani, penye hewa na udongo mkavu. Wadogo walibaki chini karibu na stesheni, na soko la Wahindi likawa kwenye maji machafu. Mwaka 1902 tauni ikaingia na soko likateketezwa kwa moto. Madaktari wakasema mji uhamishwe. Hakuna aliyeuhamisha. Winston Churchill, aliyepita pale mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1908 kwamba wakati wa kubadili umekwisha kupita. Miaka minane tu ilitosha! Baadaye Waafrika wa reli wakajengewa landhi za Muthurwa, bado kandokando ya reli, bado bondeni.

Hilo ndilo fundisho letu la kwanza: depo huzaa mji, na mji ukishazaliwa hauhamishiki. Anayechagua mahali pa injini anachagua pia mahali watoto wetu watakapolala.

Fundisho la pili ni la ujenzi wenyewe. Udongo laini haumezi nyumba siku moja. Hushuka polepole, na ubaya wake ni kwamba haushuki sawasawa. Pembe moja huzama kidole, nyingine huzama shubiri. Ukuta unapasuka, reli za ndani zinainama, winchi ya juu inakwama, na shimo la kukagulia injini linajaa maji. Injini ni tani nyingi zilizokaa juu ya magurudumu machache, na kila siku hupita mahali palepale. Maji ya kuoshea yakikosa mfereji hulainisha chini zaidi.

Dawa zipo, wala si siri. Udongo ukiwa mbaya kwa kina kidogo, huchimbwa wote na kutupwa, kisha hushindiliwa changarawe na mawe. Ukiwa mbaya mpaka chini sana, hupigwa nguzo mpaka zifike penye mwamba au udongo mgumu, au humwagwa sakafu moja nene ya zege yenye vyuma ili uzito utawanyike. Pengine hurundikwa kifusi kizito na kuachwa miezi, maji yakamuliwe kwanza, ndipo ujenzi uanze. Na msingi wa mashine nzito hutengwa na msingi wa ukuta, mmoja ukishuka usiuvute mwenzake. Kila dawa ina gharama yake. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ninyi mnaochimba dhahabu ya Namoya mnayajua haya kuliko mabwana wa makaratasi. Mikono yenu inajua sururu ikipiga mwamba na ikizama katika tope. Mnajua ukuta wa shimo unavyotoa jasho kabla haujaporomoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo tunasema wazi. Siku yoyote serikali au kampuni itakapoleta ramani ya depo, ya ghala au ya karakana katika Kasongo au Kabambare, tudai mambo matatu. Kwanza, udongo utobolewe na kupimwa mahali pengi, wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi tu, na matokeo yasomwe mbele ya wakaaji. Pili, wazee wa mahali na wachimbaji waulizwe maji hupita wapi. Tatu, nyumba za wafanyakazi zichorwe katika ramani ileile, kwenye udongo mkavu kama ule wa nyumba ya mkubwa.

Wakituambia kwamba hakuna muda, tuwajibu kwamba Nairobi pia walikuwa na haraka. Reli tunaitaka, tena tunaitaka sana. Lakini isimame juu ya ardhi ngumu, wala isisimame juu ya migongo yetu.