Kufundisha Wote Sawasawa Ni Uvivu

Kuna kauli inayozunguka katika vyuo vyetu vya uuguzi, na huku Kilimanjaro hutamkwa kifua mbele kuliko kwingine: darasa moja, kitabu kimoja, mtihani mmoja, asiyeweza akalime. Wazazi wanaikubali. Wanafunzi waliovuka salama wanairudia kwa wadogo zao wa mwaka wa kwanza. Ukiuliza sababu unajibiwa kwa jambo zito: uuguzi si mchezo, dozi ikikosewa mtu anakufa, kwa hiyo kumbeba mwanafunzi dhaifu ni kumchimbia mgonjwa kaburi.

Kwamba dozi ikikosewa mtu anakufa, sina ubishi. Hayo ya kaburi ndiyo nayapinga, maana yanatolewa na watu ambao hawajakaa wakaangalia ni nani ameketi darasani.

Mwombaji wa uuguzi anatakiwa awe na angalau D nne za kidato cha nne, zikiwamo za Kemia, Biolojia na Fizikia. Mlango huo mmoja unamwingiza binti wa Tarakea aliyesoma shule ya kata, Kirombo nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza daftarini tu. Unamwingiza kijana wa Kimasai kutoka Simanjiro, na mtoto wa Moshi mjini aliyeanza Kiingereza chekechea. Nyuma yao yupo mama aliyefanya kazi zahanati miaka na miaka kwa cheti chake, sasa amerudi kujiendeleza, na kichanga amekiacha kwa bibi yake. Wote wanasomewa slaidi zilezile, kwa Kiingereza, kwa kasi ileile. Kisha zinakuja sapu, yaani mitihani ya marudio. Baada ya sapu, disko, yaani kuondolewa chuoni, na ng'ombe aliyeuzwa kulipa ada ameshaliwa na watu wengine.

Chukua hesabu ya dripu, ambayo ndiyo huwaliza wengi. Lita moja iingie kwa saa 8, na seti ina matone 20 kwa mililita. Unazidisha 1,000 kwa 20, unagawa kwa dakika 480, unapata matone 42 hivi kwa dakika. Mpe binti wa Tarakea swali hilo kwenye karatasi, limefungwa ndani ya aya ndefu ya Kiingereza yenye umri wa mgonjwa, historia yake na mambo mengine yasiyohusika, na atakosa. Ukikaa naye ukaipitia karatasi, mara nyingi utakuta kugawa anajua. Kilichompita ni kuelewa swali linataka nini. Sasa mtundikie dripu yenyewe katika chumba cha vitendo, mpe saa yenye mshale wa sekunde, mwambie kwa Kiswahili kwamba chupa iishe kabla zamu haijabadilika. Atakodolea macho kile kichupa cha matone, atahesabu, atarekebisha roda, atapotea, atairudia kanuni mwenyewe kwa sababu sasa ameona kazi yake. Kisha mrudishie karatasi ya Kiingereza, leo, kesho na wiki ijayo, mpaka aisome bila kukwama, kwa kuwa chati za wodini zimeandikwa kwa lugha hiyo na saa nane usiku hakuna wa kumtafsiria.

Huko ndiko kumsaidia. Matone bado ni 42, na asipoyapata hapati leseni. Sijui kiwango kilichoshushwa hapo ni kipi.

Yule wa mjini naye hesabu ameimaliza kwa nusu dakika na tyuta amemsifu. Mpeleke wodini, umkute amesimama miguuni pa kitanda anazungumza na faili. Bibi wa Usseri anamwambia maumivu yake kwa Kirombo kilichochanganyika na Kiswahili kidogo, yeye anatikisa kichwa na kuandika kitu ambacho bibi hakusema. Huyu naye ana pengo, tena pengo la hatari, ila kwa sababu karatasi haimwoni hakuna anayemwita dhaifu. Anayeitwa kuja kumsikiliza bibi ni nani? Ni yuleyule wa Tarakea aliye njiani kudisko.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wakufunzi hawa ndio wanaofundisha mchakato wa uuguzi. Katika masomo ya kwanza kabisa mwanafunzi anaambiwa: anza kwa kumtathmini mgonjwa, tambua tatizo lake, ndipo upange, utekeleze, halafu upime matokeo. Wagonjwa wawili wa kisukari, mmoja mkulima wa ndizi, mwingine mchuuzi anayeshinda mpakani bila kula, hawawezi kupewa mpango mmoja. Mwanafunzi akiwaandikia mpango unaofanana anakatwa alama, na anastahili. Mkufunzi anayemkata ana mpango mmoja kwa darasa zima, na hata tathmini ya mwanzo hakufanya.

Najua kiburi hiki kinatoka wapi. Mlima huu ulitangulia kupata shule: misheni za Kilutheri na za Kikatoliki, kisha fedha za kahawa kupitia chama cha ushirika cha KNCU tangu 1933, na ada ikalipika. Hospitali ya KCMC ikafunguliwa 1971. Tukajizoesha kuamini kwamba aliyefeli ni mvivu, kana kwamba babu zetu walisoma kwa ukali peke yake na hapakuwa na aliyewalipia.

Nitaambiwa wakufunzi ni wachache. Ni kweli, na hilo lipelekwe serikalini kwa sauti. Lakini kumuuliza kila mwanafunzi wiki ya kwanza ametoka wapi na anaogopa somo gani hakungoji ajira mpya. Jaribio la mwanzo lisomwe kama kipimo cha maabara, kutafuta tatizo, badala ya kubandikwa ubaoni kwa mpangilio wa aibu. Yule mama wa zahanati awekwe na wadogo wawili: yeye awafundishe mkono, wao wamfundishe maandishi. Ratiba ya usiku ya mwenye kichanga inapangika, kama tunavyopanga za wauguzi walioajiriwa. Na Sera ya Elimu ya 2014 ilipotoka iliruhusu Kiswahili katika ngazi zote, kwa hiyo tyuta anayefafanua jambo kwa Kiswahili kwanza hafanyi jambo geni.

Halafu, aliyedisko anakwenda wapi? Kijijini anajulikana kwamba alisomea unesi. Atagongewa usiku, ataombwa achome sindano, mwingine atasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Kumfukuza hakujamwokoa mgonjwa yeyote. Tumemtoa tu mahali ambapo angesimamiwa.

Kwa hiyo chuo kinachotundika langoni asilimia ya waliofaulu kitundike pia idadi ya walioingia siku ya kwanza, shule walizotoka, na somo lililowaangusha waliopotea njiani. Orodha hizo ziko ofisini kwa mhasibu na kwa mratibu wa taaluma, wala hazihitaji bajeti.