Nani Abebe Mzigo wa Jiji? Kodi ya Mapato na Deni la New York

Tangu Zohran Mamdani achaguliwe kuwa Meya wa Jiji la New York tarehe 4 Novemba 2025, jina lake limetajwa sana katika nchi zetu za Afrika Mashariki, kwa kuwa alizaliwa Kampala, nchini Uganda, mwaka 1991. Fahari hiyo inaeleweka. Lakini katikati ya shangwe, na ya shutuma pia, kuna jambo ambalo halijatazamwa kwa utulivu: pendekezo lake la kuongeza kodi ya mapato ya jiji kwa wakazi matajiri, katika jiji ambalo tayari linabeba deni linalozidi dola bilioni 100. Tunalitazama hapa kwa mwanga wa Mafundisho Jamii ya Kanisa, kwa sababu swali lililomo ndani yake linawahusu watu wa Mungu popote walipo: mzigo wa mji abebe nani, na kwa kipimo gani?

Kwanza tuelewane juu ya kodi yenyewe. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hana uzoefu wa kulipa kodi ya mapato kwa jiji. Katiba ya Kenya, katika ibara ya 209, imeiachia Serikali Kuu peke yake kodi ya mapato, nayo kaunti zikapewa kodi ya ardhi na majengo pamoja na kodi ya burudani. Huku Tanzania, mfanyakazi hukatwa kodi ya mshahara na Serikali Kuu, wala halmashauri ya jiji haina mkono hapo. New York ni tofauti. Tangu mwaka 1966 jiji hilo hutoza kodi yake ya mapato, juu ya ile ya Serikali ya Jimbo na ile ya Serikali ya Muungano wa Marekani. (Tunaposema Jimbo hapa, msomaji aelewe ni jimbo la kiserikali, si la Kikanisa.) Kiwango cha kodi hiyo ya jiji kinaanzia asilimia 3.078 na kufikia asilimia 3.876.

Ngazi ya juu kabisa ya kodi hiyo, kwa mtu asiye na ndoa, huanza mapato yanapozidi dola 50,000 kwa mwaka. Kwa maisha ya New York, huo ni mshahara wa mtu wa kawaida. Maana yake ni kwamba mwalimu kijana na mmiliki wa mfuko wa uwekezaji, kila mmoja akiongeza dola moja juu ya kiwango hicho, wanalipa jiji senti zile zile. Mamdani alipendekeza nyongeza ya asilimia 2 kwa wenye mapato yanayozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Kwa makadirio ya kampeni yake, nyongeza hiyo ingeleta takribani dola bilioni 4 kila mwaka, zisaidie kugharimia malezi ya watoto wadogo bila malipo na mabasi bila nauli. Hata hivyo, Meya hana mamlaka ya kuipitisha. Sheria inataka idhini ya Bunge la Jimbo na saini ya Gavana, naye Gavana Kathy Hochul alikwisha kusema mwaka 2025 kwamba hapendelei kupandisha kodi ya mapato.

Wapinzani wa pendekezo hili wana hoja ambazo si haki kuzipuuza. Tajiri mkubwa wa New York, akijumlishiwa kodi ya Jimbo na ya jiji, tayari hulipa hadi asilimia 14.776, kiwango kisicho na mfano nchini Marekani. Naye ana miguu. Akivuka mto kwenda New Jersey, jiji halimtozi kitu hata akiendelea kufanya kazi Manhattan kila siku, kwa maana kodi ndogo waliyokuwa wakitozwa wafanyakazi wanaoishi nje ya jiji ilifutwa na Bunge la Jimbo mwaka 1999. Tena mapato ya matajiri hutegemea soko la hisa. Soko likianguka, kodi nayo huanguka, na huduma zilizojengwa juu yake hutikisika. Wanaounga mkono hujibu kwamba wanaolihama jiji kwa shida ni familia zenye watoto zilizoshindwa na kodi ya nyumba, na kwamba kuzipunguzia familia hizo gharama ya malezi ndiko kulihifadhi jiji.

Ili kuupima mjadala huu vema, hatuna budi kurudi mwaka 1975, kwani hofu ya mwaka ule bado inaishi katika kila meza ya bajeti ya New York. Kwa miaka mingi jiji lilikuwa limekopa mikopo ya muda mfupi kulipia matumizi ya kila siku, likiweka rehani kodi ambazo zilikuwa bado hazijakusanywa. Gharama za kawaida ziliandikwa katika vitabu vya miradi ya ujenzi ili zipate kukopewa. Masika ya mwaka 1975 mabenki yakakataa kuendelea kuziuza hati za mkopo za jiji. Meya wakati huo alikuwa Abraham Beame, mhasibu kwa taaluma, aliyewahi kuwa mdhibiti wa hesabu za jiji hilo hilo. Tunalitaja hilo bila dhihaka: mtu anaweza kuijua hesabu na bado asiwe na ujasiri, au nafasi, ya kuusema ukweli wake.

Tarehe 17 Oktoba 1975 jiji lilikuwa na saa chache tu kabla ya kushindwa kulipa. Waliolinusuru ni walimu: mfuko wao wa pensheni, baada ya kukataa, ulikubali kununua hatifungani za dola milioni 150. Fedha za uzeeni za wafanyakazi zikawa nguzo ya kuuzuia mji usianguke. Rais Gerald Ford, aliyekuwa ameapa mwishoni mwa mwezi ule kwamba hatatia saini msaada wa kuliokoa jiji, aliridhia mikopo ya Serikali Kuu mwezi Desemba.

Nani aliulipa wokovu huo? Maelfu ya askari polisi na wafanyakazi wengine walipunguzwa kazini. Nauli ya treni za chini ya ardhi ilipanda kutoka senti 35 hadi 50. Chuo Kikuu cha Jiji, kilichowasomesha watoto wa wahamiaji na wavuja jasho bila ada kwa miaka 129, kilianza kutoza ada mwaka 1976. Hatujasema kwamba wenye hatifungani hawakustahili kulipwa. Walikopesha kwa nia njema, na wengi wao walikuwa watu wa kipato cha kati. Lakini mwanafunzi maskini aliyelipishwa ada mwaka 1976 hakuwa amesaini mkopo wowote.

Hapa ndipo kodi ya mapato na deni vinapokutana, tena kwa namna ambayo wasemaji wa majukwaani huificha. Mwaka 1997 iliundwa Mamlaka ya Fedha ya Mpito ya Jiji la New York, ambayo hukopa kwa kuweka dhamana kodi ya mapato ya wakazi. Kodi hiyo inapokusanywa, wenye hatifungani za Mamlaka hiyo hutangulizwa. Kinachobaki ndicho huingia katika hazina ya jiji kwa ajili ya shule, zahanati na usafi. Kwa hiyo mtu anapouliza kama kodi iongezwe, aulize pia ni kiasi gani cha kodi ya leo tayari kimeahidiwa watu wengine. Jiji lina desturi ya kutoruhusu malipo ya deni yazidi asilimia 15 ya mapato yake ya kodi, na bajeti yake sharti iwe sawia kila mwaka. Hizo ni kuta zilizojengwa na majeraha ya 1975, na sisi tunaziona kuwa njema.

Mama Kanisa hafundishi kiwango cha kodi. Anafundisha vipimo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inaihesabu kodi kuwa wajibu wa kimaadili unaotokana na kushiriki katika mafao ya wengi. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alionya kwamba dola isimalize mali ya watu kwa kodi za kupindukia. Papa Mtakatifu Yohane XXIII, miaka 70 baadaye katika Mater et Magistra, alifundisha kwamba haki inadai mzigo wa kodi ulingane na uwezo wa mlipaji. Naye Papa Mtakatifu Yohane Paulo II katika Centesimus Annus ya mwaka 1991 alikubali kanuni kwamba deni hulipwa, ila akakataa lilipwe kwa kuwatwisha watu dhabihu zisizobebeka. Wako wanaomnukuu Leo bila Yohane, na wako wanaofanya kinyume chake. Mafundisho hayo ni ya Kanisa moja na yasomwe pamoja.

Tukivipokea vipimo hivyo, tunaona kwamba nyongeza kwa wenye mapato ya zaidi ya dola milioni 1 haipingani na haki. Mwalimu na bilionea kusimama katika ngazi moja ndilo jambo linalohitaji kutetewa. Mashaka yetu yako kwingine. Malezi ya watoto ni gharama ya kila mwaka, nayo yadai fedha za kila mwaka zilizo imara. Kodi ya matajiri ikishuka na jiji likakopa ili kuziba pengo, njia ile ya kuelekea 1975 itakuwa imefunguliwa tena, na watakaofungiwa milango ya vituo vya malezi si wale walioandika bajeti. Kukopa kwa ajili ya daraja litakalotumika miaka 50 ni haki, kwa kuwa wajukuu watalivuka. Kukopa kwa ajili ya mishahara ya mwezi huu ni kula chakula cha watoto ambao hawajazaliwa.

Nasi tusiitazame New York kama sinema. Ibara ya 212 ya Katiba ya Kenya inazuia kaunti kukopa bila dhamana ya Serikali Kuu na idhini ya bunge la kaunti. Hata hivyo deni limepata mlango wa nyuma. Jina lake ni bili ambazo hazijalipwa. Mama aliyepeleka unga hospitalini, fundi aliyechimba mtaro, kijana aliyechapisha vitabu vya stakabadhi: hao wameikopesha kaunti bila riba na bila kuulizwa. Huku Tanzania, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na mara nyingi anayeinunua LUKU hiyo ni mpangaji, wakati jengo ni la mwenye nyumba.

Waamini walei wanaoketi katika mabaraza ya madiwani na mabunge ya kaunti wana nafasi ya kuuliza, bajeti inaposomwa, ni nani wamekuwa wakidai kwa muda mrefu kuliko wote, na kwa nini majina yao hayako mwanzoni mwa orodha ya malipo.